Ruhusa ya Kunakili Iliyodumu Miezi Tisa na Nusu

Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014, Mwingereza aliyenunua CD dukani aliweza kuihamishia kwenye simu yake bila kuvunja sheria. Tarehe 17 Julai 2015 Mahakama Kuu ya London iliibatilisha ruhusa hiyo, na haijarudishwa. Kwa hiyo anayehamisha CD zake kwenye kompyuta nchini Uingereza anakiuka hakimiliki, ingawa programu ya kufanyia kazi hiyo huja bure na kompyuta yenyewe na hakuna mtunzi anayehangaika kumfuata nyumbani kwake.

Sheria inayokataza jambo linalofanywa na kila mtu huonekana haina madhara kwa sababu haitekelezwi. Madhara yapo. Msanii halipwi chochote kwa marufuku hiyo, na mnunuzi mwaminifu anawekwa kapu moja na muuzaji wa nakala bandia. Lakini kesi ya London ina jambo kubwa kuliko CD, nalo linazihusu Kenya na Tanzania moja kwa moja: upana wa ruhusa ya kunakili na kiasi cha fidia wanayolipwa wenye haki vinapaswa kupimwa kwa kipimo kimoja. Uingereza ilitoa ruhusa finyu, ikasema fidia yake ni sifuri, ikashindwa kuthibitisha. Huku kwetu hatari iko upande wa pili: kukusanya tozo kwenye vifaa vya kunakilia bila kusema bayana ni nakala ipi inayolipiwa.

Ruhusa ya 2014 haikuzuka tu. Ripoti ya Gowers ya mwaka 2006, iliyoagizwa na serikali ya Uingereza, iliipendekeza, ripoti ya Hargreaves ya Mei 2011 ikaikariri, kisha zikatungwa kanuni zilizoingiza kifungu cha 28B katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1988. Kabla ya hapo mtu aliruhusiwa kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili akitazame saa nyingine, lakini kuhamisha wimbo alioulipia kutoka CD kwenda kwenye kichezeo kingine hakuruhusiwa.

Masharti ya 28B yanafaa kusomwa neno kwa neno, maana ni mfano mzuri wa ruhusa iliyobanwa. Nakala iliyochukuliwa lazima iwe mali ya mtu mwenyewe, aliyoipata kihalali na kwa kudumu: ameinunua, amepewa zawadi, au ameipakua kutokana na ununuzi au zawadi. Kilichoazimwa maktaba, kilichokodiwa, kilichorushwa hewani na kilichotiririshwa mtandaoni havikuhesabiwa. Aliyenakili lazima awe mtu binafsi, kwa mkono wake, kwa matumizi yasiyo ya biashara. Programu za kompyuta ziliachwa nje. Nakala ya tahadhari iliruhusiwa, kubadilisha muundo wa faili kuliruhusiwa, na kuhifadhi kwenye hifadhi ya mtandaoni kuliruhusiwa pia mradi mwenye nakala awe peke yake anayeifikia. Mkataba wa mauzo uliojaribu kuyakataza haya haukuwa na nguvu.

Palipokuwa na meno zaidi ni kwenye kuuza au kugawa. Ukiuza CD yako halisi au ukampa mtu abaki nayo huku umebaki na nakala, nakala hiyo iligeuka kuwa haramu siku hiyohiyo. Kumpa nduguye nakala nako kulikuwa ni ukiukaji. Ruhusa ilimfuata mnunuzi na mali yake, haikwenda hatua moja zaidi. Ndiyo maana wizara iliyotunga kanuni hizo iliona hakuna hasara ya kulipia.

Hoja ya wizara ilikuwa ya kiuchumi, na binafsi naiona ni nzuri kuliko ilivyotetewa. Mtu anayejua kwamba CD ataisikiliza nyumbani, garini na kwenye simu yuko tayari kuilipia zaidi ya yule anayejua itabaki sebuleni. Muuzaji naye analijua hilo, kwa hiyo bei anayopanga tayari imebeba thamani ya nakala za mnunuzi. Kumtoza mnunuzi mara ya pili kupitia kifaa ni kumlipisha kitu kimoja mara mbili. Hoja hii ina mpaka wake: inasimama pale nakala zinapobaki kwa mnunuzi. Zikianza kuwafikia marafiki na binamu, muuzaji hana njia ya kumtoza zaidi anayegawa kuliko asiyegawa, maana wote wanasimama kwenye kaunta moja na bei ni moja.

Sheria ya Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa bado mwanachama wake, iliipa wizara nafasi ya kusema hivyo. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001, namba 29, katika ibara ya 5(2)(b) yanaziruhusu nchi wanachama kukubali nakala za matumizi binafsi kwa sharti kwamba wenye haki wapate fidia stahiki. Utangulizi wake, aya ya 35, unasema kwamba hasara ikiwa ndogo sana huenda pasiwe na wajibu wa kulipa. Wizara ikajikita hapo.

Chama cha watunzi cha BASCA, chama cha wanamuziki Musicians' Union na UK Music, mwavuli wa tasnia ya muziki, wakaenda mahakamani. Jaji Green alitoa hukumu tarehe 19 Juni 2015. Wengi huisimulia kana kwamba mahakama ilisema ruhusa bila tozo haiwezekani. Hapana. Jaji alikubali kwamba serikali ina haki ya kuchagua ruhusa finyu isiyo na tozo ikiwa hasara ni ndogo mno au haipo. Kilichoiangusha ni ushahidi: utafiti uliotegemewa haukutosha kuonyesha kwamba bei za wakati ule kweli zilikuwa zimebeba thamani ya nakala kiasi cha kuifanya hasara kuwa karibu na sifuri. Serikali ilipewa nafasi ya kuchagua njia nyingine, lakini haikuutafuta ushahidi zaidi wala haikuweka tozo. Mwezi uliofuata kanuni zikabatilishwa, na jaji akakataa kuamua hatima ya nakala zilizokwisha kufanywa katika ile miezi tisa na nusu.

Je, ushahidi huo ulikuwepo mahali popote? Sokoni kuna dalili moja inayovutia. Mei 2007 duka la iTunes lilianza kuuza nyimbo za kampuni ya EMI zisizo na kufuli la kidijitali, lile linalozuia kunakili, kwa dola 1.29, wakati zilezile zenye kufuli ziliuzwa dola 0.99. Senti 30 za uhuru wa kunakili, unaweza kusema. Tatizo ni kwamba faili zisizo na kufuli zilikuwa na ubora wa kilobiti 256 kwa sekunde na zile nyingine 128, kwa hiyo huwezi kujua mnunuzi alilipia uhuru au sauti. Miezi michache baadaye bei ikashushwa hadi 0.99, na mwaka 2009 kufuli likaondolewa kwenye muziki wote wa duka hilo. Ukitaka kujua kwa nini mchumi wa wizara alipata taabu mbele ya jaji, tazama mfano huo: thamani ya kunakili ipo ndani ya bei, lakini kuichambua peke yake ni kazi ngumu.

Nchi nyingi za Ulaya hazikujisumbua na uchambuzi huo, zilichagua tozo. Chanzo chake ni Ujerumani na mashine za tepu. Mwaka 1955 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba kurekodi muziki nyumbani kunahitaji idhini. Shirika la GEMA, linalowakusanyia watunzi wa muziki mirabaha yao, likataka wauzaji wa mashine waandike vitambulisho vya wanunuzi, ili ijulikane nani anarekodi. Mwaka 1964 mahakama ilikataa: huwezi kulinda hakimiliki kwa kuingilia faragha ya nyumba za watu. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuruhusu nakala ya nyumbani na kumtoza mtengenezaji au mwagizaji wa mashine. Tozo, kwa hiyo, ni bei ya kutobisha hodi kwenye milango ya watu, na ukiiangalia hivyo unaielewa vizuri zaidi kuliko ukiiona kama adhabu ya wizi.

Linganisha upana wa ruhusa. Ujerumani hailazimishi CD unayonakili iwe yako. Unaweza kuchukua ya rafiki, ukatengeneza nakala chache kwa ajili ya nyumbani, mradi chanzo kisiwe haramu kwa namna iliyo dhahiri. Ruhusa pana, kwa hiyo wenye haki wanapoteza mauzo halisi, kwa hiyo kuna malipo. Ufaransa nako, kwa viwango vya mwaka 2021, mnunuzi wa simu yenye nafasi ya GB 64 na kuendelea alibeba tozo ya euro 14 ndani ya bei, na sheria inataka asilimia 25 ya makusanyo iende kwenye shughuli za utamaduni na mafunzo. Simu iliyotumika na kukarabatiwa nayo hutozwa, ingawa kwa kiwango cha chini, jambo lililozua ubishi mkali kwa sababu simu hiyo ilikwisha kutozwa ilipokuwa mpya. Nchi zetu, zinazoingiza simu za mtumba kwa wingi, zisiache suala hilo litatuliwe na ofisa wa forodha bandarini.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeweka mipaka kadhaa ambayo mtunga kanuni yeyote angepaswa kuibandika ukutani. Katika kesi ya Padawan ya mwaka 2010, kutoka Hispania, ilisema mtu binafsi anaweza kuchukuliwa kuwa ananakili bila kuthibitishiwa, lakini tozo haiwezi kupigwa kiholela kwa diski zinazonunuliwa na kampuni na taasisi kwa kazi zisizohusiana kabisa na nakala binafsi. Katika kesi ya ACI Adam, tarehe 10 Aprili 2014, ilisema ruhusa haifuniki nakala inayotoka kwenye chanzo haramu, na tozo haiwezi kukokotolewa kwa kuhesabu uharamia. Uholanzi, iliyokuwa ikivumilia upakuaji wa aina hiyo, ilibidi iache mara moja. Hispania ilijaribu kulipa fidia kutoka bajeti ya serikali badala ya vifaa; mwaka 2016 mahakama hiyo ikaukataa mfumo huo, kwa kuwa haukuhakikisha kwamba gharama inaishia kwa wale wanaonakili, na mwaka uliofuata tozo ikarudi.

Marekani inaonyesha jinsi tozo inavyokufa ikifungwa kwenye aina ya kifaa. Sheria ya kurekodi sauti nyumbani ya mwaka 1992 iliweka asilimia 2 kwenye mashine za kurekodi sauti kidijitali na asilimia 3 kwenye kanda na diski zake. Walioiandika walikuwa na DAT akilini, yaani kanda za kurekodi sauti kidijitali. Kompyuta ya kawaida haikuingia kwenye tafsiri. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa ikaamua kwamba kichezeo cha MP3 cha Rio hakimo, kwa sababu kinapokea nyimbo kutoka diski ya kompyuta. Kuanzia hapo muziki ulipita pembeni ya sheria. Madukani zikabaki CD tupu za aina mbili, za muziki zilizotozwa na za data zisizotozwa, zote zikiingia kwenye kompyuta ileile na kubeba nyimbo zilezile.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 28, inasema mwenye haki katika rekodi ya sauti hawezi kuzuia mtu kutengeneza nakala moja kwa matumizi yake binafsi, na badala yake anastahili fidia kutokana na tozo kwenye vifaa vya kurekodia na vyombo tupu kama kanda na diski, inayolipwa pale bidhaa inapotengenezwa au kuingizwa nchini kwa mara ya kwanza. Mfumo wa Ulaya, kwa ufupi. Tanzania nayo imekwisha kuingiza tozo ya hakimiliki kwenye vifaa.

Neno linalonisumbua katika kifungu cha Kenya ni “moja”. Chukua albamu ya dakika 45. Sauti ya CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili: biti 1,411,200 kila sekunde, yaani MB 476 hivi kwa albamu nzima. Programu huisoma diski na mara nyingi huandika faili la muda la ukubwa huo. Kisha hutengeneza faili la FLAC, lililobanwa bila kupoteza sauti yoyote, ambalo kwa kawaida huchukua nusu ya nafasi au zaidi kidogo. Ukitaka ya simu unatengeneza MP3. Kwa kilobiti 320 inakuwa MB 108, kwa 128 inakuwa MB 43. Simu ikiwa imewashwa hifadhi ya mtandaoni, nakala nyingine inapanda huko usiku. Diski ya nje ya tahadhari inabeba ya tano. Mtu amenunua CD moja, amebonyeza vitufe viwili vitatu, na amekwisha kuvuka “moja” mara nne. Uingereza, katika ruhusa yake finyu, haikuhesabu nakala. Ilihesabu watu wanaozitumia. Hicho ndicho kipimo chenye akili.

Na tahadhari si anasa. CD ya muziki ina ulinzi hafifu wa makosa ikilinganishwa na CD ya data: sekta moja ina baiti 2,352, ambapo CD ya data hutumia 2,048 tu kwa maudhui na sehemu kubwa ya zilizobaki hutumika kurekebisha makosa, wakati ya muziki huzitumia zote kwa sauti. Palipo na mkwaruzo, kisomaji hukisia sauti iliyopotea na kuendelea bila kukuambia. Ndiyo sababu wanaojali husoma diski mara mbili na kulinganisha namba za ukaguzi, zinazokokotolewa kutoka maudhui ya kila faili, za faili mbili. Zikitofautiana, kuna mahali mashine imekisia. CD zilizochomwa nyumbani ni dhaifu zaidi, rangi yake hufifia kwa joto na mwanga, na memori kadi za bei chee hufa bila dalili. Anayesubiri diski iharibike ndipo anakili amechelewa, na sheria inayomwekea kikomo cha nakala moja inamwachia achague kati ya kusikiliza na kuhifadhi.

Halafu kuna kibanda. Kijana anayekuingizia nyimbo mia mbili kwenye flashi kwa shilingi kadhaa hatengenezi nakala binafsi, hata kama wewe utazisikiliza peke yako. Aliyenakili ni yeye, kwa malipo, kutoka kwenye kompyuta yake, na chanzo chake mara nyingi hakijulikani. Hapo masharti ya mtu mwenyewe, kutokuwa biashara na chanzo halali yote yamevunjika kwa mkupuo. Ulaya wamelifikia jambo hilihili kwa njia ya mtandao: katika kesi ya VCAST ya mwaka 2017, kampuni iliyowarekodia wateja vipindi vya televisheni na kuwawekea mtandaoni ilionekana inahitaji idhini, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyowafikishia kazi hizo. Katika kesi ya Strato ya mwaka 2022, mtu aliyejipandishia faili zake mwenyewe kwenye hifadhi ya kukodi alionekana ananakili kwa matumizi binafsi. Tofauti ni nani ameleta maudhui. Kwa kipimo hicho kibanda kinastahili leseni, si tozo, na ni kosa kuhesabu biashara ya kibanda kama hoja ya kupandisha tozo ya flashi.

“Nirushie huo wimbo” ni suala tofauti tena. Hapa hakuna fedha, lakini mpokeaji hakununua chochote. Chini ya 28B ingekuwa ukiukaji. Chini ya ruhusa pana ya Kijerumani ingekubalika iwapo anayerusha ameipata kihalali. Kanuni zetu zikisema waziwazi kwamba kurushiana kati ya ndugu na marafiki kunaruhusiwa, basi tozo ina kazi ya kufanya na msanii ana sababu ya kuidai. Zikikaa kimya, mnunuzi wa simu anatozwa kwa ruhusa asiyokuwa nayo.

Kufuli la kidijitali nalo linapunguza thamani ya ruhusa yoyote. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1998, kuvunja kufuli la DVD ni kosa linalosimama lenyewe, hata kama ungeitumia nakala kwa njia halali. Mwaka 2009 kampuni ya RealNetworks ilizuiwa na mahakama ya California kuuza programu ya kunakili DVD kwenye kompyuta ya mnunuzi. Sheria ya Kenya nayo inakataza kukwepa kufuli. Waingereza walitoa dawa ya ajabu: anayezuiwa na kufuli amwandikie waziri malalamiko. Sijui ni baba gani angeandika barua wizarani ili filamu ya watoto iingie kwenye tableti. Na “pakua” ya programu za kutiririsha muziki haimo kabisa kwenye mjadala huu. Faili lile limesimbwa, linafunguka ndani ya programu hiyo tu, na usajili ukikatika linakufa. Anayetaka kuwa na cha kunakili anunue faili lisilo na kufuli, atunze risiti, na kama ni diski aitunze pia.

Kwa mtunga kanuni wa Nairobi au Dodoma, kazi ya kwanza ni kuandika ruhusa kabla ya kiwango: nani ananakili, kutoka chanzo gani, kwa ajili ya nani. Ya pili ni utafiti wa nyumba kwa nyumba kuhusu watu wananakili nini hasa, kwa sababu kiasi kinachokusanywa forodhani hakisemi fedha zimwendee mwimbaji wa taarabu, mtunzi wa bongofleva au kampuni ya filamu ya nje. Ya tatu ndiyo inayosahaulika kila mara: fomu ya marejesho. Hospitali inayonunua diski mia za picha za eksirei, benki inayonunua za kumbukumbu na shule inayonunua flashi za mitihani hazinakili muziki wa mtu, na ama zisamehewe wakati wa kununua au zirudishiwe tozo kwa kuonyesha ankara, ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni zenyewe.